Maziwa Yaliyokuja Bila Mtoto

Ninyi vijana mnaotembea na vidonge mfukoni kama njugu za kutafuna njiani, ketini kidogo. Juzi mjukuu wangu mmoja aliniambia, "Kukhu, hii ni ya kutuliza tu, nameza nikiwa na wasiwasi." Nikamwuliza ni nani aliyempa. Rafiki. Na rafiki alipewa na nani? Hajui. Sikumpiga, maana sasa ni mrefu kuliko mimi. Nimeamua kuandika. Elimu yangu ni ya darasa la kanisani, tulipofundishwa kusoma Biblia basi, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya madaktari. Nitasema kilichonipata.

Wakati huo mimi na mume wangu, Simiyu, tulikuwa tukiishi Spring Valley, mtaa wa Wazungu. Msicheke. Hatukuishi kwenye nyumba, tuliishi nyuma ya nyumba, chumba kimoja cha mawe karibu na karo la kufulia. Simiyu alikuwa mpishi wa bwana, nami nilikuwa dobi. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, mtu hatoki langoni bila kipande, ile hati ya kujitambulisha. Simiyu akienda mjini kununua samaki na nyama, nilibaki nikiwaza kwamba ameshikwa. Sisi ni watu wa upande wa Bungoma, si sisi tuliokuwa tunatafutwa, lakini lori la askari lilikuwa halianzi kwa kuuliza.

Tulikuwa na binti, Nekesa, aliyezaliwa wakati wa mavuno. Baada yake nilizaa mara mbili. Kwanza Wafula, mtoto wa mvua. Aliketi, akaanza kutambaa, kifaduro kikamchukua. Kisha msichana ambaye hakulia hata mara moja. Kwetu mtoto mchanga akifa hazungumziwi. Ukimtaja, wanasema, unakionyesha kifo njia ya kurudi. Watu walikuja, wakaketi, wakaniambia, "Nyamaza mama, Mungu atakupa mwingine," wakaenda zao.

Nikanyamaza. Lakini siku ile ya Wafula nilikuwa naanika mashuka. Nilimsikia akianza kukohoa ndani, kile kikohozi cha kuvuta pumzi hadi iwike, nami nikasema moyoni, wacha nimalize hili moja lisiburutike chini. Nikalimaliza. Muuguzi mmoja aliniambia baadaye kwamba hata ningekimbia hakuna ambacho kingebadilika. Huenda. Mimi ninachojua ni kwamba nilimaliza shuka kwanza.

Wasiwasi wangu ulianza kama wa mtu yeyote. Moyo kwenda mbio bila sababu. Mikono kutetemeka nikitia makaa kwenye pasi. Nekesa akikohoa, hata kama ni moshi tu, naacha kila kitu na kumkimbilia, namshika kifua, namwambia vuta pumzi, vuta tena, hadi mtoto analia kwa kuchoka. Nikimweleza Simiyu ananiambia, "Nyamaza, unamtisha mtoto." Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyofundishwa, kama nilivyofundishwa mimi.

Ilikuwa baridi ya Julai nilipoangukia mjini. Memsabu, mke wa bwana, alikuwa amenituma na gauni kwa fundi wa nguo, Mswahili wa Mombasa aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka moja mtaa wa Wahindi. Nikasikia pumzi imekwama, masikio yanavuma, nikaketi chini juu ya gauni la memsabu. Mke wa fundi, Mama Zuhura, alitoka ndani na bilauri ya maji.

"Waogopa nini, mwanangu?"

Sikuweza kujibu. Alinishika mkono akanipandisha ngazi za nyumba ya pili, kwa daktari Mhindi wa ghorofani. Benchi la ndani lilikuwa na wenyewe. Sisi wengine tulikaa kwenye ngazi, kila mtu na kipandio chake, na kila mgonjwa akiitwa tulisogea juu kidogo. Mama Zuhura aliketi nami hadi zamu yangu, akimkaripia kila aliyetaka kuturuka. Sijawahi kumlipa wema huo.

Daktari alinisikiliza moyo, akanitazama macho, akasema moyo ni mzima. Alinipa vidonge kwenye kikopo cha bati. Akasema kwa Kiswahili chake, "Hii dawa mpya, nimetoka ng'ambo. Meza moja, siku ile wewe nazidiwa tu. Hapana kila siku. Na rudi mimi tazama wewe."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye mtego. Alisema nikizidiwa. Lakini nani anapima? Mara ya kwanza nilimeza kimoja kwa sababu nilikuwa nimekaa sakafuni siwezi kuinuka, na ninawaambia kweli, ilikuwa kama mtu amefunga mlango wa chumba chenye kelele. Nililala. Nilipoamka ugali ulikuwa umepikwa, Nekesa ameupika. Baadaye kuzidiwa kukawa ni kutetemeka mikono. Baadaye tena kukawa ni Simiyu kuchukua kikapu cha sokoni. Mwishowe nilikuwa nameza asubuhi, kabla sijaogopa chochote, ili nisije nikaogopa. Vikiisha, Simiyu anapita kwa daktari akirudi kutoka sokoni, anapewa vingine mlangoni. Mimi sikurudi kutazamwa. Nirudi nikaseme nini, na nilikuwa nimetulia?

Ndiyo, nilitulia. Mdomo ulikauka nikawa nanyonya kokoto safi kama watoto. Nikiinuka kwa haraka kutoka karoni dunia inazunguka. Jua la kuanikia nguo, ambalo nililizoea tangu kuzaliwa, likawa linaniwasha mikononi kama upupu. Nikanenepa. Mikono ikakakamaa, nikawa natembea bila kuipunga, na mpishi wa nyumba ya jirani akiniona kwenye ua wa miti alikuwa anapiga saluti.

"Jambo, Afande! Gwaride leo ni saa ngapi?"

Zamani ningemjibu vizuri sana. Sasa nilimtazama tu, nikapita.

Siku moja Nekesa alikaa mbele yangu akanichunguza. "Mama, uso wako umelala."

"Niko macho."

"Wewe uko macho. Uso ndio umelala."

Wiki hiyohiyo alianguka kwenye changarawe, goti likachanika, damu ikatiririka hadi kwenye unyayo. Nilimwona kwa mbali, kama mtoto wa mtu mwingine ninayemwona dirishani. Yeye naye hakuniita. Alikwenda karoni akajiosha, akararua kitambaa, akajifunga. Mtoto mdogo kiasi kile alikuwa amekwisha kujua kwamba mama yake hayupo. Wengine huniambia, "Kukhu, ulikuwa mgonjwa." Ndiyo, nilikuwa mgonjwa. Goti lile bado lina alama, naye Nekesa leo ni bibi.

Mvua fupi zilipoanza, damu ya mwezi haikuja. Haikuja tena mwezi uliofuata. Kisha siku moja nikikamua mashuka niliona kifua cha gauni kimelowa. Nilidhani ni maji ya karo. Nikaingia chumbani, nikajifinya, yakatoka maziwa.

Nilimwita Simiyu kutoka jikoni. Alikuja na unga mikononi, akatazama, akaketi kwenye gunia la makaa na suruali yake nyeupe ya kazi.

"Mama Nekesa," alisema. "Mama Nekesa, kumbe!"

Mume wangu alianza kuimba jikoni hadi memsabu akauliza kuna nini. Alinichemshia supu ya mifupa. Alinikataza kubeba ndoo, akawa anazibeba mwenyewe asubuhi kabla ya chai ya bwana. Mimi niliamini. Niliona nimesamehewa. Nilisema, Mungu amenitazama, shuka lile limesahauliwa. Na kwa kuwa nilikuwa na la kupoteza tena, wasiwasi uliongezeka, na kwa kuwa wasiwasi uliongezeka, nilizidi kumeza.

Simiyu alituma salamu kwao, na baada ya Krismasi mama yake akateremka kwenye gari la moshi na kuku wawili na kibuyu. Sisi tulimwita Mayi, ndiyo mama kwa lugha yetu. Kwa mila zetu mzazi halali nyumba ya mwanawe aliyeoa, nasi tulikuwa na chumba kimoja. Memsabu alikubali alale kwenye chumba cha kupigia pasi. Akalala huko, kati ya mashati ya bwana yaliyotundikwa, na asubuhi akasema amelindwa na Wazungu wasio na vichwa.

Siku ya kwanza hakuuliza habari za safari wala za kanisa. Aliuliza, "Hawa wanatupa taka wapi?"

Nieleze. Kwetu mama aliyefiwa na watoto, akizaa tena, mtoto hapokelewi kwa shangwe. Analazwa jaani, juu ya taka. Mwanamke asiye wa ukoo anapita, anasema, "Nani ametupa hiki?" Anamwokota, anamrudisha kama kitu cha kuokotwa, na mtoto anaitwa Makokha, jina la jaa. Kifo hakigombanii kilichotupwa. Simiyu mwenyewe ni Simiyu Makokha. Alilazwa jaani, akaishi, akawa mpishi.

Nilimpeleka Mayi nyuma ya bustani. Alisimama akiwa ameshika kiuno.

"Hili ndilo jaa?"

"Ndilo, Mayi."

"Hili ni shamba! Majani, maua ya waridi! Hakuna hata mfupa, hakuna jivu. Kifo kitajua tunakidanganya." Akamgeukia Simiyu. "Kuanzia leo jivu la jiko lako na mifupa yako yote, hapa. Tuwe na jaa la heshima kabla mtoto hajafika."

Na Simiyu, mtu mzima, mpishi wa kofia nyeupe, akawa anabeba majivu kila jioni kwenda kujenga jaa la mwanawe. Niliwatazama kutoka karoni. Mkinisikia nasema nina hatia, fikirieni jaa lile.

Ilibaki kumpata wa kuokota. Yaya wote wa nyumba za jirani walikuwa watu wa kwetu, na Mayi alitaka mtu wa mbali kabisa. Nikamtaja Mama Zuhura. Tukapanda basi hadi mjini, Mayi na kuku mmoja wa kushukuru.

Mama Zuhura alimsikiliza hadi mwisho, akashika shavu. "Jaani? Kitoto kichanga? Astaghfirullah!" Kisha akacheka. "Haya, nitamwokota. Ila akiwa mzuri simrudishi, mutanitafuta Mombasa."

"Ukienda naye Mombasa nitakufuata kwa miguu," Mayi akasema, nao wakapigana viganja kama marafiki wa siku zote.

Ndipo Mama Zuhura akanigeukia. "Na zile tembe, mwanangu? Waziacha, sivyo? Mja mzito hanywi dawa ovyo."

Mayi aliacha kucheka. "Tembe gani?"

Simiyu alikuwa amemwambia tu kwamba nina afya. Mama Zuhura akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaona amegusa kidonda. Mayi akamwomba mahali pa faragha. Palikuwa na pazia pembeni, wateja walipojaribia nguo. Tukaingia.

"Fungua leso."

Mayi alikuwa amepokea watoto wa ukoo mzima. Mikono yake ilikuwa baridi. Ilianza chini, ikapanda, ikabonyeza huku, ikabonyeza kule, ikangoja, ikarudi chini. Cherehani ya fundi ilikuwa inalia nje ya pazia, kisha ikanyamaza.

"Ameshacheza?"

"Bado, Mayi. Labda ni mtulivu."

Alifunga leso yangu mwenyewe, akaikaza vizuri kama ananivalisha kwa safari.

"Mwanangu," akasema, "hapa hakuna mtu."

Tulipanda ngazi za daktari sote watatu. Safari hii sikukumbuka kipandio wala zamu. Nilichokumbuka ni harufu ya spiriti na Mayi aliyekuwa ameshikilia mkono wangu kama nitakimbia.

Daktari aliuliza tangu lini. Nikamwambia. Akauliza ngapi kwa siku. Nikamwambia hilo pia, akavua miwani.

"Mimi nasema siku ya kuzidiwa tu. Kwa nini hapana rudi?"

"Mume wangu alikuja. Ulimpa."

"Ndiyo," akasema. "Mimi nampa. Hapana uliza. Makosa." Kisha akaeleza polepole. Dawa ile ilitengenezwa kwa watu wa hospitali ya wagonjwa wa akili, wanaosikia sauti, wanaoona watu ambao wengine hawawaoni. Kwa wasiwasi ilitolewa kidogo tu, kwa mtu anayetazamwa. Inaweza kusimamisha damu ya mwezi. Inaweza kuleta maziwa.

"Kwa nini hukuniambia ni ya wazimu?" nikamwuliza.

"Ningesema, wewe ungemeza?"

"Hapana."

"Basi."

"Basi nini? Ningekataa, na ingekuwa haki yangu kukataa."

Alivaa miwani tena, nami sikujiona nimeshinda. Aliniambia nisikatishe kwa mara moja, nipunguze, na kila juma nije anione kwa macho yake. Safari hiyo nilitii.

Simiyu tulimkuta nyuma ya bustani na karai la majivu. Mayi ndiye aliyemwambia. Hakunikasirikia, na heri angekasirika. Aliweka karai chini akasema, "Lakini mimi ndiye niliyekuwa nazileta," akaenda jikoni, na supu ya bwana siku hiyo ikarudishwa kwa kuzidi chumvi.

Mimi nilimlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwa. Kwa Wafula kuna kaburi. Kwa msichana kuna mahali. Kwa huyu hapakuwa na chochote ila jaa. Nikajiona nimeua watatu. Na maziwa yaliendelea kutoka wiki kadhaa, hayana habari.

Kiangazi chote nilipunguza. Nisikilizeni vizuri hapa, maana kuna watakaochukua maneno yangu na kutupa dawa chooni. Sisemi dawa ile ni mbaya. Hapa Kangemi ninapoishi sasa nina jirani ambaye mwanawe anameza ya aina hiyo, anaangaliwa hospitalini, anafanya kazi, amejenga. Bila dawa angekuwa barabarani anapigana na upepo. Ile dawa ilikuwa yake. Mimi nilikuwa na huzuni iliyofungiwa ndani, nikaiwekea kofuli la mtu mwingine. Na ninyi mliopewa na daktari, msiache kwa hasira kwa kuwa bibi mmoja ameandika. Rudini, mtazamwe, mseme kila kitu, hata cha aibu, hata cha maziwa.

Mikono ilianza kupunga tena. Mpishi wa jirani alipiga saluti, nikamwambia, "Kwenda huko, supu yako inanuka hadi kwetu." Alifurahi kama amepewa zawadi. Nekesa aliniambia, "Mama, uso wako umeamka." Kisha ukaamka na ule mwingine, wasiwasi wenyewe, palepale nilipouacha.

Ilikuwa mvua ndefu zimeingia. Mayi alikuwa amefunga mzigo wake, gari la moshi ni kesho yake. Tulikuwa chumbani mchana, mashuka yamening'inizwa ndani kwa sababu ya mvua, Simiyu amekuja kutuletea chai. Nekesa akakohoa. Moshi tu. Mikono yangu ikaanza, pumzi ikakwama, nikashika ukingo wa kitanda.

"Nyamaza," Simiyu akasema kwa upole. "Nyamaza, mtoto anasikia."

Nikawaza kikopo. Vilikuwa vimebaki vichache vya kupunguzia, viko juu ya kabati. Hata mguu ulikuwa umeshainuka. Kisha nikatazama yale mashuka, nikasema kwa sauti, "Nilimaliza shuka kwanza."

"Unasema nini?"

"Wafula alikohoa nami nikamsikia. Nikamaliza kuanika shuka kwanza. Ndipo nikaenda."

Nilimtaja kwa jina, mchana, mbele ya mtoto. Nilingoja Mayi anizibe mdomo. Mvua ilipiga bati. Mayi aliketi juu ya mzigo wake, akatazama mikono yake.

"Kabla ya Simiyu," akasema, "kulikuwa na Nasambu. Nilimwacha kwa dada yake nikaenda kuvuna wimbi. Niliitwa, nikasema, wacha nimalize mstari huu." Mwanawe alimtazama kama anamwona leo. Hakujua aliwahi kuwa na dada wa jina hilo.

Hatia haikuniondoka siku hiyo wala haijaniondoka. Lakini pumzi ilirudi yenyewe. Simiyu alikuwa anaelekea mlangoni, jiko linamngoja, na Nekesa alikuwa ameshika ndoo ili atoroke. Mimi si mtu wa kuomba. Niliwaamrisha.

"Baba Nekesa, weka hiyo birika chini, bwana anaweza kungoja chai. Nekesa, acha ndoo, keti hapa, nduguyo alikuwa na jina. Kuanzia leo katika nyumba hii hakuna mtu wa kumwambia mwenzake nyamaza. Mkiniona natetemeka mtaacha mnachofanya, hata kama ni shuka liko nusu kambani, mtaketi na kuniuliza, 'Leo unaogopa nini?' Na asiinuke mtu kabla sijamaliza kujibu."